Senene Walioliwa na Mbwa wa Mama Karin

Nyakato, Mwanza
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda nje ya chumba chetu, Adela yuko ndani anachambua mchele, na wajukuu zako wote wawili ni wazima, wanapigana tu. Magoti yako yanasemaje na mvua hizi? Ile dawa ya kuchua niliyompa Mwalimu Projesti akuletee, umeipaka au umeiweka kabatini ikae na zile nyingine? Dada Verdiana aliniandikia kwamba siku hizi wanunuzi wa kahawa wanakuja na mizani zao mpaka uani, kila mmoja na bei yake, na kwamba umemfukuza mmoja kwa sababu alikaa kwenye kiti cha marehemu Baba bila kukaribishwa. Nilicheka mpaka Adela akatoka kuuliza kuna nini. Ulifanya vizuri.

Barua yako ninayo wiki ya tano sasa. Uliniuliza mambo matatu ukayapanga kwa namba kama mtihani: kama kopo la senene lilifika, kama mke wa bosi aliwapenda, na kama nguo imeshatoka. Hilo la tatu najua limetoka wapi. Verdiana amenidokeza kwamba umeshawaambia kina mama wa jumuiya kuwa Krismasi utaingia kanisani na kitenge cha Mzungu, na kwamba wanakisubiri kuliko wewe. Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu lenyewe linanitia kichefuchefu. Kila nikishika kalamu naikumbuka ile asubuhi, naiweka chini. Leo nimeamua kulitapika lote. Unisamehe neno hilo, lakini ukifika mwisho utaona hakuna jingine.

Nianze na uongo wangu. Nilikuandikia kwamba baada ya kiwanda cha nguo kuuzwa na sisi kupewa barua za kupunguzwa, nilipata kazi ya usimamizi kwa Mzungu mmoja, fundi wa majokofu katika kiwanda cha minofu ya samaki. Mzungu yupo, majokofu yapo, na ni kweli nasimamia. Ninaowasimamia ni mbwa. Ni wawili. Nawaogesha, nawachana manyoya, nawapikia, nawatembeza, naokota wanachoacha nyuma, na jioni nawafuta miguu kwa taulo ndipo waingie ndani kulala. Mwanao uliyemsomesha kwa kahawa mpaka kidato cha nne, aliyekuwa kiongozi wa zamu kwenye mashine za kufuma, sasa anajua ni sikio lipi la mbwa linalowasha zaidi.

Siku niliyokwenda kuomba kazi tulijaa getini, wengi wetu tukiwa watu wa kiwanda kilekile. Bwana akatoka na lile dude kubwa kwenye mnyororo, akauliza nani haogopi. Wenzangu wakarudi nyuma. Mimi nikabaki, tena si kwa ushujaa. Nilimkumbuka mbwa wetu wa nyumbani, yule Baba aliyemfuga afukuze ngedere kwenye migomba. Yule alikuwa mbwa. Alikula kilichomwangukia, alilala kwenye majivu nyuma ya jiko, na mpaka wa kizingiti aliujua kuliko sisi watoto. Nikadhani kazi ni hiyo, ya getini, ya mbwa na mwizi. Kumbe sikuijua nyumba ile.

Mkubwa anaitwa Otto. Mdogo, ambaye ni jike, anaitwa Ema. Ndiyo, Mama, Ema, kama Shangazi. Kwetu ukimpa mbwa jina la mtu, mwenye jina atakuja na ndugu zake kuuliza umemaanisha nini. Hapa mimi nasimama katikati ya barabara ya Capri Point mchana kweupe nikipaza sauti: Ema, acha hicho, hicho ni kinyesi. Tafadhali hili lisimfikie Shangazi.

Otto ana kiti chake sebuleni, cha ngozi, na mgeni akikikalia anaombwa kwa upole ahamie kwingine. Ema hana haja ya kiti kwa sababu ana mapaja ya Mama Karin. Mama Karin ndiye mke wa bosi, mwanamke mrefu wa makamo, ana moyo mzuri, na Kiswahili chake alikisoma darasani akakimaliza. Watoto wake wamekua wako kwao Ulaya. Asubuhi nikiingia namkuta mezani, Ema kapakatwa, na kiini cha yai kilichobaki kwenye sahani kinalambwa na ulimi uleule ambao muda mfupi kabla ulikuwa kazini chini ya mkia. Sahani hiyo inaingia kwenye karai moja na sahani nyingine. Halafu anambusu. Mdomoni, Mama. Mimi hugeuka nikatazama ziwa.

Kila Jumatano nawapiga mswaki. Dawa yao ya meno imekuja kwa ndege na ina ladha ya kuku. Ijumaa nawaogesha, na hawaogeshwi uani kwa ndoo. Wanaogea bafuni, kwenye lile bafu jeupe la kulala ndani ambalo mwenye nyumba naye hulala humohumo jioni. Manyoya yanaziba tundu la maji, nayatoa kwa vidole, marefu, yenye utelezi. Nikirudi nyumbani nayakuta kwenye kola ya shati, kwenye soksi, na siku moja niliyakuta kwenye ugali. Adela aliusukuma ule ugali mbali naye akalala na njaa.

Chini ya nyumba ile kuna majabali, na chini ya majabali kuna maji. Otto akimkuta sangara aliyeoza ufukweni hamli. Angemla ningeelewa. Anagaagaa juu yake, mgongo, shingo, masikio, amefumba macho kama mtu anayechuliwa mafuta, kisha anakuja mbio kunionyesha. Anasimama mbele yangu na kujikung'uta. Nimewahi kutoa gamba la samaki sikioni nikiwa kwenye mstari wa komunyo.

Na zile siku wadudu wa ziwa wanapopanda kama moshi na kufunika kuta, watu wote hufunga madirisha. Hawa wawili hukaa barazani midomo wazi, wanaukata upepo kwa meno na kumeza. Mama Karin hucheka mpaka machozi yanamtoka. Ukumbuke hilo la wadudu, maana nitalirudia.

Sitaongeza uongo mwingine juu ya ule wa kwanza, kwa hiyo nakiri kwamba wana vituko. Radi ikipiga, Otto mwenye kifua cha ndama anajipenyeza chini ya kitanda, na kutoka hawezi, inabidi tukinyanyue kitanda. Ema ana ugomvi na pimbi wanaoota jua juu ya majabali. Anawabwekea mpaka sauti inamkauka, wao wanamtazama tu, halafu anakuja kwangu kulalamika kana kwamba mimi ni balozi wa nyumba kumi. Jioni nikishika kofia yangu, Otto hunisindikiza hadi getini akiwa na kiatu changu kimoja cha kazi mdomoni, anakilaza chini na kukilalia. Asubuhi nakivaa kimelowa. Mama Karin anasema hiyo ni heshima. Mimi nasema ni mate.

Ndiyo maana nyumbani kwangu kuna ndoo na kipande cha sabuni nje ya mlango, na sivuki kizingiti kabla sijanawa mara mbili mpaka kwenye viwiko. Hiyo ni sheria ya Adela. Watoto wamekatazwa kusema shuleni baba yao anafanya kazi gani. Wewe ulikuwa unawaambia watu wa jumuiya kwamba mwanao ni msimamizi kwa Wazungu, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye ndoo nikijikwangua kama chungu kilichoungua.

Sasa nije kwenye kopo.

Kila Ijumaa napitia soko la samaki la Mwaloni kuwanunulia mbwa dagaa wakavu. Nawajaza kwenye kopo la maziwa ya unga na kulikabidhi jikoni, Mama Karin analiweka kwenye rafu moja karibu na mlango, pale inaponing'inia mikanda ya mbwa. Dagaa hao ndio peremende zao. Otto akitoa mkono wa salamu, anapewa dagaa. Ema akijisaidia mahali panapotakiwa, anapewa dagaa. Nawe ukawafunga senene kwenye kopo la maziwa ya unga, kwa sababu hakuna nyumba nchi hii isiyotunza kitu kwenye kopo la maziwa ya unga.

Mwalimu Projesti alinikabidhi bandarini meli iliposhusha watu. Nililifungua humu chumbani, na ile harufu, Mama, ilinirudisha nyumbani kabla sijavua kofia. Walikuwa wamekaangwa wakakauka vizuri, chumvi kiasi, kitunguu kwa mbali. Hakuna hata mmoja uliyemsahau bawa wala mguu. Niliona vidole vyako. Nilijua umewakusanya alfajiri kwenye nyasi za umande nyuma ya kanisa, umeinama na magoti hayohayo ninayoyaulizia kila barua. Na kikaratasi chako kilikuwa juu: nisionje hata mmoja, wote ni wa mke wa bosi, amwekee mumewe mezani, na mume atoe nguo kama ilivyo kwetu, mwanamke akileta senene. Nikafunga kifuniko. Sikuonja, ingawa mate yalinijaa.

Kesho yake Ijumaa nikalipeleka pamoja na mzigo wangu wa kawaida wa Mwaloni. Nikampa kwa mikono miwili, pale mlango wa jikoni, nikasema ulivyonifundisha: ni kitu kidogo tu, mama ametuma kwa ajili ya nyumba hii, mkipokee. Sikukifungua, sikukisifia. Ungeona aibu kusikia nimesimama pale naeleza thamani ya zawadi kama dalali, na hakuna mtu wa kwetu anayengoja kifuniko kifunguliwe aone uso wa mpokeaji. Mama Karin alishukuru sana, akaniulizia hali yako, akayaweka makopo yote mawili kwenye rafu. Rafu ileile. Niliona kwa macho yangu. Nikafungua mdomo, nikaufunga, kwa sababu niliona kusema kwamba hicho ni chakula cha watu ni sawa na kudai shukrani. Nikachukua kofia yangu nikaondoka.

Kosa ni langu, na mahali pake ni hapo mlangoni. Heshima ilinifumba mdomo mbele ya mtu asiyeijua heshima hiyo.

Jumamosi asubuhi niliwakuta kwenye ngazi za baraza. Mama Karin ameketi, kopo lako liko katikati ya magoti yake, na Otto mbele yake ameinua mkono. Anarusha senene mmoja, Otto anamdaka hewani. Anamtupia Ema, Ema anamtafuna kwa meno ya pembeni, kichwa upande, macho nusu. Mafuta yalikuwa yanawang'aa kwenye sharubu. Senene mmoja alianguka kwenye sakafu, na Otto alimlamba pamoja na vumbi na mate yake ya mwanzo. Nilisimama na ile brashi ya kuwachania mkononi. Mama Karin akaniona akafurahi.

"Deo, mwambie mama yako asante sana sana," alisema. "Otto anapenda hii kuliko dagaa. Mama anajua mbwa."

Nikasema karibu. Ndiyo, Mama, hilo ndilo neno lililonitoka. Nikazunguka nyuma ya tangi la maji nikaegemea ukuta, na chai ya asubuhi ikarudi yote. Nilipoinua kichwa Otto alikuwa amenifuata. Alitaka kunilamba mkono, na mdomo wake ulikuwa unanukia jikoni kwetu. Nilimpiga na brashi puani. Hakulia. Alikaa chini akainua mkono wa salamu, akidhani ndivyo nilivyotaka.

Wiki nzima hasira zangu nilizimalizia kwa mbwa. Niliwachana kwa nguvu, nikawaogesha kwa maji ya baridi, nikawa nafanya kazi kama mtu aliyeshika panya aliyekufa mkiani. Nilimwona Mama Karin naye kuwa mchafu, na kahawa yake ni chafu, na kicheko chake ni kichafu. Nyumbani nilimweleza Adela. Yeye ni Msukuma wa Buhongwa, senene kwake si kitu, akasema jambo ni jepesi. Ninunue kitenge kizuri, nikifunge kwenye karatasi ya dukani, niseme kimetoka kwa Mzungu. Mama atavaa, jumuiya itaona, mbwa hawatasema. Nikaona ana akili. Nilikwenda mjini, ambako siku hizi maduka yamejaa vitambaa vya kutoka kila mahali, vingi kuliko tulivyowahi kufuma sisi, nikachagua cha bluu chenye majani ya njano. Nikaandika na barua yenyewe ya uongo, nimeikamilisha mpaka salamu.

Kisha Mama Karin akanirudishia kopo. Lilikuwa limelambwa mpaka ndani linang'aa. Akauliza kama mama yangu, yaani wewe, anaweza kulijaza tena. Alilinyoosha kwa mikono miwili, jinsi alivyoona mimi nilivyompa. Hapo ndipo niliposhindwa.

Nikamwambia kwamba hicho kilikuwa chakula cha watu. Nikamwambia kwamba kwetu Bukoba hakuna kitu kikubwa zaidi cha kumpa mtu, kwamba watu husafirisha senene kwenye meli wakiwakumbatia, na kwamba mwanamke mwenye magoti mabovu aliwaokota mmojammoja alfajiri ili awe na heshima mbele ya nyumba hii. Sikupaza sauti. Mama Karin alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Aliliweka kopo chini, akakaa kwenye ngazi, akaziba mdomo kwa mkono. Alisema aliona ni wadudu, na wadudu wa ziwa mbwa wanawapenda, na kopo ni kama lile la dagaa, na mimi sikusema. Yote kweli. Akalia kidogo. Nilitazama pembeni, na sikusikitika. Nilifurahi kuona na yeye ana kitu cha kumtia kinyaa.

Akauliza, kwa kutafuta la kusema nadhani, kama wewe unapenda sana kuwala.

"Mama hajawahi kuwala," nikasema. "Wanawake wa kwetu wa zamani hawali senene. Wanakusanya, wanakaanga, wanampa mwanaume."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Alinitazama. Kisha akamtazama Ema, aliyekuwa amelala juu ya miguu yangu na tumbo juu.

"Kwa hiyo Ema amekula," alisema polepole, kama anayesoma kitu kigumu, "na mama yako hajala."

Hakusema kwa kejeli. Kiswahili chake hakifiki kwenye kejeli. Alikuwa anataka tu kuhakikisha ameelewa.

Mama, nimewasafisha wale mbwa sehemu ambazo siwezi kukuandikia. Nimetoa kupe waliovimba kwenye masikio, nimepasua mmoja kwa kidole. Hakuna siku niliyojisikia kinyaa kama dakika ile, na safari hii hakikuwa cha mbwa wala cha Mama Karin. Nilikiona kinywa changu. Nilijiona nina miaka sita, nimekaa mkekani karibu na kiti cha Baba, sahani iko mbele yetu, nashika kwa viganja viwili. Wewe na Verdiana mko jikoni kwenye moshi, mnanyofoa mbawa. Siku moja Verdiana alilamba kidole, na wewe ukampiga kile kidole kwa mwiko, akaja kusimama mlangoni akinitazama natafuna. Nilimwonyesha mdomo wangu ulivyojaa. Nakumbuka vizuri sana, na nilicheka.

Baba alikununulia nguo mwaka mmoja ninaoukumbuka mimi, ile ya maua mekundu. Miaka mingine alisema kahawa haikulipa, lakini senene alikula. Alipofariki nikawa mimi mwanaume wa nyumba. Kila msimu ulituma kopo kiwandani, nami nilikaa na wenzangu wa zamu tukamaliza kabla king'ora hakijalia, nikakuandikia asante kwa mistari miwili. Sikuwahi kukutumia hata leso ya kichwa. Halafu nimekaa hapa wiki nzima nawachukia mbwa kwa sababu walikula bila kushukuru. Otto angalau alitoa mkono.

Mama Karin aliingia ndani akatoka na kitambaa cha meza cha kwao, kizito, kimedariziwa, bado kimekunjwa, akaniomba nikuletee. Kilikuwa kizuri, nisiseme uongo, isipokuwa unywele mmoja wa Otto uliolala kwenye ukingo. Nikakikataa kwa adabu. Nilimwambia nyumba yake haina deni la nguo kwa mtu yeyote. Alifikiri nimekasirika bado. Sikuweza kumfafanulia.

Barua ya uongo nimeichana, hii ndiyo iliyochukua nafasi yake. Kwenye mzigo huu atakaokuletea Mwalimu Projesti kuna kitenge cha bluu. Kimetoka kwangu. Waambie kina mama wa jumuiya unavyotaka, kwamba Mzungu ni mchoyo, au kwamba mbwa walikula zawadi na kanisa zima licheke. Mimi ningependa uwaambie kimetoka kwa Deo na kimechelewa.

Chini ya kitenge kuna lile kopo lako. Nimelichemsha mara tatu, nikalisugua kwa mchanga, kisha Adela akalichemsha tena kwa sababu haniamini. Ndani yake kuna senene niliowanunua kwa kina mama wa Bukoba wanaouza pale bandarini. Si wazuri kama wako, wameacha miguu mingine. Usimpelekee Padri. Usimwekee mgeni. Usimtunzie mjukuu wa kiume. Kaa sebuleni, kwenye kiti cha Baba, umwite Verdiana akae karibu nawe, mle nyinyi wawili. Najua utasema unasikia kinyaa, kwamba koo litakataa, kwamba mwili haujazoea. Kwa hilo nisikilize mimi, kwa sababu siku hizi hakuna mtu katika ukoo wetu anayekijua kinyaa kunizidi. Hakiui. Mmoja wa kwanza utafune haraka, wa pili utajua mwenyewe. Ukishindwa, teme, utakuwa umeonja.

Kazi bado ninayo. Sasa unaijua, na ukitaka kuwaambia watu ninachofanya, waambie. Otto bado ananuka, Ema bado anabusiwa, na kesho ni siku ya kukata kucha.

Nisalimie Verdiana, na umwambie nakikumbuka kile kidole. Nisalimie Shangazi Ema, bila maelezo. Msalimie Baba Mdogo anayekuangalizia migomba, na mama mkwe wa Verdiana kama mmeshapatana. Adela anakuamkia, na wajukuu wanasema shikamoo Bibi, wameacha kupigana kwa muda wa kusema hivyo.

Usijisumbue kunijibu kama kitenge kimekukaa vizuri. Niandikie neno moja tu, kama ulikula.

Mwanao, niliyekula miaka yote nikidhani umeshiba,

Deogratias